Kidole Kilichobonyeza Moja

Jumatatu ya tarehe nne Mei, alfajiri kabla ya adhana, Shekue aliiacha simu yake kwa mdogo wake, Mbaruku. Mwezi mzima uliofuata mashine ya wakala wa bima ikawa inaipigia: "Bonyeza moja upate bima ya maisha!" Kila ilipolia, mke wa Shekue aliangua kilio.

Mbaruku akamwita yule wakala, bwana mnene mwenye viatu vya kung'aa.

"Sheria inakataza mashine kumpigia mtu asiyeridhia," alimwambia.

Wakala akacheka. "Kaka yako karidhia, bwana mdogo. Kabonyeza moja mwenyewe, Ijumaa iliyopita. Ni yeye tu awezaye kujitoa."

"Ijumaa hii iliyopita? Una hakika?"

"Wallahi!"

"Basi twende kwake. Akikukana, utaifuta namba?"

"Papo hapo. Na asiponikana, nyumba nzima mtakata bima kwangu."

Wakazunguka nyuma ya msikiti, wakala akichekelea njia nzima, mpaka penye kaburi jipya.

"Kaka ndiye huyu, tangu tarehe nne Mei," alisema Mbaruku. "Hebu muulize, Ijumaa alibonyeza kwa kidole gani?"

Wakala aliifuta namba palepale.

Mola amrehemu Shekue, amlaze pema, mahali pasipofikiwa na mashine.