Milango ya Mteke

Usisifie milango, kitanda hakijapita.

Leo mmemsikia Bi Nanzia akiyatamka maneno hayo mkutanoni, pale yule mjenzi alipotuonyesha picha za maghorofa anayotaka kuyasimamisha ng'ambo ya bonde. Nyinyi mkaguna. Mmoja wenu akaninong'oneza, "Babu, kitanda na ghorofa wapi na wapi?" Basi ketini. Methali hii haikutoka mbali. Imezaliwa hapa hapa Kivindani, tena kwa uchungu, na chanzo chake ni hiki.

Zamani mlima uliporomoka wakati wa masika ukafukia nyumba za upande wa chini. Watu waliokoka, lakini walibaki hawana pa kulala, wakahifadhiwa katika ghala la kahawa. Familia moja na nyingine zilitenganishwa kwa pazia la magunia. Ukikohoa huku, kule wanakwambia pole.

Miongoni mwao alikuwamo Senzota, fundi seremala, pamoja na mama yake, Nakiete. Mama huyo miguu ilikuwa imekufa ganzi miaka mingi. Siku ya maporomoko Senzota alimtoa akiwa amembeba mgongoni, na humo humo njiani akamwahidi: "Mama, hutafia kwenye nyumba ya watu. Nitakujengea mlango wako mwenyewe."

Senzota hakuwa mtu wa kuahidi akalala. Alipanda kilima cha Mteke, akakiona ni tambarare, kikavu, hakina mlima juu yake wa kukiangukia. Akakipima kwa kamba, akachora mitaa iliyonyooka. Kisha akafanya jambo ambalo halijapata kuonekana: kabla ya kuta, kabla hata ya misingi, alichonga milango na miimo yake akaisimamisha kilimani safu kwa safu, kila familia na wake. Watu walipanda kwenda kuiona. Mwanamke akishaonyeshwa wake huufungua, hupita, hugeuka, huufunga, halafu hulia. Milango ile ilisimama peke yake juani kama watu wanaomsubiri mgeni. Nani angeikataa?

Lakini ardhi ya Kivindani haikutolewa bila kupitisha kitanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa mila. Anayeomba kiwanja hulazwa juu ya kitanda cha kamba, vijana wanne wakambeba kutoka mlangoni pake hadi kwenye masale, ile mimea tuliyopanda kuonyesha mpaka wa kijiji. Kikipita bila kuinama, kiwanja ni chake. Maana mtu ana siku ya kutoka nyumbani kwa miguu, na ana siku ya kutolewa.

Wakati huo vijiji vyote vya milimani vilikuwa vimekubaliana kuchimba barabara moja ya malori. Kila kijiji kilitoa watu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na malipo, na kila kijiji kilituma mjumbe wa kupanga barabara ipite wapi. Mjumbe wetu alikuwa Namkunda, mama mwenye sauti nzito na ulimi usiopaka mafuta. Mzee Mchome, mkuu wa kijiji, alipomwuliza anaionaje Mteke, alijibu, "Milango ni mizuri. Ila barabara inapita upande wa pili wa korongo, kwenda sokoni Ngazi, na daraja litakuwa kule mteremkoni Sare. Mteke haimo."

Senzota akacheka. "Mama Namkunda, palipo na watu barabara huja yenyewe."

"Barabara ya vijiji vyote si mbwa wako, mwanangu, uipigie mluzi ije."

Watu waliguna. Walikuwa wamechoka na magunia.

Siku ya kupitisha kitanda ikafika. Kwa kuwa Senzota aliwaombea wote, alilala yeye. Vijana walimwinua wakiguna makusudi.

"Fundi, umemeza nyundo zako?"

"Bebeni, nyie! Mama zenu wananisubiri niwape nyumba."

Kitanda kikapita katika mitaa ya Mteke kama maji mferejini. Hakikuinama, hakikugusa kitu. Kilipofika kwenye masale vigelegele vikapasuka, na Senzota akainua kichwa ashuke.

"Usishuke," Namkunda akasema.

Mzee Mchome akakunja uso. "Namkunda, mila inaishia hapa."

"Mila ilianza wakati mganga alikuwa anakaa ndani ya masale, mzee wangu. Leo mgonjwa anatibiwa wapi?"

"Zahanati ya Ngazi."

"Na kahawa inauzwa wapi?"

"Ngazi."

"Basi tunampeleka mgonjwa wapi kwa kumwacha kwenye masale? Tumpe shikamoo, turudi?"

Kicheko kilitoka, kikakatika. Senzota alikuwa na kiburi cha kazi yake. Akajilaza tena. "Twendeni! Hata Ngazi twendeni."

Wakashuka kwenye korongo. Mwanzo njia ilikuwa njia. Kisha ikawa mapito ya mbuzi. Wabebaji wa mbele wakawa chini, wa nyuma juu, na Senzota akaanza kuteleza kuelekea miguuni. Akashika kamba.

"Achia," Namkunda akamwambia. "Mgonjwa hashiki."

Akaachia. Wakafika penye mwamba uliobana njia, kando yake shimo. Wawili hawawezi kupita sambamba. Kijana mmoja, jasho likimtiririka, akasema, "Fundi, hapa lazima kitanda kilazwe ubavu. Shuka kidogo tu, tukivushe, upande tena."

Senzota akageuza uso. Akatazama ng'ambo. Barabara mpya ilikuwa pale pale, udongo wake mwekundu ukionekana, na watu wa msaragambo wakichimba. Aliwaita. Wakamwitikia, wakamtania kwa kulala mchana. Sauti zilivuka. Mtu hakuweza kuvuka.

"Fundi, unashuka?"

"Mimi naweza kushuka," alisema polepole. "Mama yangu hawezi."

Akashuka. Hawakukivusha kitanda. Walirudi, na Namkunda, ambaye alikuwa na haki ya kujisifu, akashika mguu mmoja wa kitanda kuwasaidia kukibeba.

Siku iliyofuata Senzota alisimama mkutanoni, akaomba mwenyewe nyumba zihamishiwe mteremko wa Sare, jirani na daraja. Sare ni mawe matupu. Mitaa ingepinda, viwanja vingekuwa vidogo, na daraja lilikuwa halijakamilika, kwa hiyo watu wangepitisha masika mengine ghalani. Walimzomea. Walimwita msaliti, yeye aliyekuwa shujaa wao juzi. Hakurudisha tusi. Alipanda Mteke, akaing'oa milango mmoja mmoja, na wa mama yake akaubeba mwenyewe.

Nakiete alimwuliza, "Mlango wangu umeung'oa?"

"Nimeung'oa, mama."

"Utauweka wapi?"

"Mahali utakapoweza kutoka."

Mama akampapasa mkono.

Masika yakaja. Ghala likavuja, na kifua cha Nakiete kikabana. Dawa zililetwa, lakini uzee haukukubali. Alifariki nyuma ya pazia la magunia, kabla jiwe la kwanza halijawekwa Sare.

Baada ya maziko, watu wakiwa bado wamekaa msibani, jirani mmoja akashindwa kujizuia. "Ungejenga Mteke, Senzota, mama yako angefia kwake. Ile milango ilikuwa mizuri mno."

Watu wakainamisha macho. Wengine walitaka kumfukuza yule jirani. Senzota aliwazuia kwa mkono, mkono ule ule ulioichonga milango, ukiwa bado na udongo wa kaburi. Angeweza kusema mengi. Angeweza kuwaeleza korongo, mwamba, shimo, na zile sauti zilizovuka bila mtu. Alimtazama jirani yake, aliyekuwa amempakata mjukuu mwenye homa, na hasira ikamwisha.

Akamwambia tu, kwa sauti ya chini: "Usisifie milango, kitanda hakijapita."