Salio la Mama Nice

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Waliona jinsi mtu anavyobandua kibanzi kimoja leo cha kuwashia moto, kesho kingine, na kila akitazama uani anaona gogo lake lingali gogo. Hashtuki. Siku anapotaka kuliketia ndipo anapokuta hakuna pa kuketi. Jambo kama hilo lilitokea nyumbani kwa Werema, katika kata ya Nyanungu, wilayani Tarime.

Werema alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Nyangoto. Alishinda ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, akarudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mkewe Felista, ambaye wengi walimwita Mama Nice kwa jina la binti yao wa kwanza, alibaki na mashamba, ng'ombe na mama mkwe wake, Bibi Rhobi, aliyekuwa akisumbuliwa na presha. Hata hivyo, mume na mke hao walipendana kama chanda na pete. Werema alimnunulia mkewe simu na kila wiki akamrushia vocha, ili ampigie jioni kazi zinapokwisha. Walizungumza mpaka ugali ukapoa. Felista alimsimulia habari za ng'ombe aliyevunja uzio, na za mhubiri aliyehubiri mpaka mwenyewe akasinzia. Werema alicheka hadi wenzake wakamwonea wivu.

Siku moja Felista alikuwa akipalilia mahindi simu ilipoita. Sauti nyororo ya mwanamke, ambayo kumbe ilikuwa imerekodiwa, ilimwambia kwamba amechaguliwa kuwa mteja bora, hivyo abonyeze moja. Jembe likiwa kwapani na jasho likimtiririka, alibonyeza. Zawadi hakuiona. Aliona ujumbe wa kumtabiria nyota yake, na kesho yake mwingine, na kila asubuhi salio likapungua kidogo. Kidogo hicho kilikuwa cha kununua kiberiti tu, naye akakipuuza. Sauti ile ilipopiga tena, alibonyeza moja akidhani anakataa. Yakaanza kuingia matokeo ya mpira wa Ulaya, kisha mapishi ya vyakula ambavyo havijawahi kuuzwa katika mnada wowote wa Nyanungu.

Jioni moja mazungumzo yao yalikatika katikati. Werema akapiga mwenyewe.

"Vocha niliyotuma juzi imeisha?"

"Imeisha, Baba Nice. Sijui inavyokwenda."

"Umempigia nani?"

"Wewe tu."

Werema alicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Wiki iliyofuata aliuliza tena, na safari hii hakucheka. Felista alimweleza habari za ujumbe unaoingia kila asubuhi. "Simu haina meno, Mama Nice," Werema akasema. Kule machimboni alikuwa amemlalamikia mwenzake, naye, akimwita kijana kwa Kikurya, akamjibu, "Mura, mke anayemaliza vocha ana mtu wa kummalizia." Neno hilo lilimwingia Werema kama mwiba mguuni, kila akikanyaga linachoma. Akaanza kupiga simu saa zisizo na kawaida, asubuhi ya mapema au mchana wa jua kali, ili asikie kama mkewe anazungumza na mtu mwingine.

Felista alichoka. Kujibu swali lile lile kila jioni kulikuwa kama kutwanga maji kwenye kinu. Mwishowe aliacha kujieleza, na mumewe akauchukua ukimya huo kuwa ndio kukiri. Vocha zikakoma. Felista alipouza mayai akanunua yake mwenyewe, salio lilimezwa lilipoingia tu, kwa kuwa huduma zile zilikuwa zikilisubiri kama tai juu ya mzoga.

Ndipo asubuhi moja Bibi Rhobi akaanguka karibu na zizi. Mdomo ulikuwa umekwenda upande na maneno hayatoki. Felista alikimbilia dukani, akanunua vocha, akaingiza namba, akampigia mwenye pikipiki. Akaambiwa salio lake halitoshi. Akaingiza vocha ya pili. Nayo ikapita njia ile ile. Ilibidi akimbie hadi ng'ambo ya mto kwa jirani yake, Esta, kuazima simu. Pikipiki ilifika jua likiwa limepanda sana. Alimpigia na mumewe, lakini Werema alikuwa chini ya ardhi na simu yake ilikuwa juu.

Bibi Rhobi alipelekwa zahanati, na kutoka hapo hospitalini Tarime mjini. Alipona, ila mkono wake wa kulia ulibaki ukining'inia. Habari zilimfikia Werema siku ya pili, tena kwa mdomo wa mtu baki. Alifika hospitalini akiwa bado na matope ya duara miguuni. Alimwamkia mama yake, akamshika ule mkono, kisha akamwita mkewe nje ya wodi.

"Mama yangu anaanguka, nami naambiwa na watu," alisema kwa sauti ya chini. "Vocha ya huyo mtu wako unayo. Ya mama yangu huna."

"Baba Nice..."

"Mama akiruhusiwa, nenda kwa baba yako. Wazee watakaa waongee habari za ng'ombe."

Felista alijua ni ng'ombe gani wanaosemwa: wale wa mahari yake. Alikuwa hajalala tangu siku ya mkasa, na hata machozi yalikuwa yamemkaukia. Alitoa simu kwenye fundo la kitenge chake.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini ofisi ya simu iko hapo mjini. Twende kwanza wote wawili, simu hii ijieleze mbele yako. Nikikutwa na mtu, sitadai hata nauli ya kunifikisha kwetu."

Dada aliyewapokea mezani aliitwa Ummy. Aliwasikiliza kwa uchovu wa mtu ambaye tangu asubuhi amekuwa akisikiliza jambo lile lile. Alimwomba Felista kitambulisho na alama ya kidole, akatazama kompyuta yake.

"Mama, umejiunga na huduma nne. Zinakata kila siku."

"Sikujiunga mimi."

"Walipokupigia, ulibonyeza moja?"

"Nilibonyeza."

"Basi huko ndiko wanakoita kujiunga."

Werema alisogea mezani. "Na simu anazopiga? Anampigia nani?"

Ummy aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Alimtazama Felista. "Nimwambie, mama?"

"Mwambie."

"Karibu zote zinakwenda namba moja, kaka. Hii hapa."

Werema aliisoma namba hiyo, na hakuhitaji kuisoma mara mbili. Ilikuwa yake.

Ummy aliziondoa huduma zile moja baada ya nyingine, na kila moja ilipoondoka simu ya Felista ililia kuthibitisha. Alimfundisha kwamba sauti ya namna ile ikipiga tena akate simu bila kubonyeza kitu, na ujumbe asioujua ukimkata salio, asikae nao hata siku moja. Ajibu kwa neno ONDOA au awapigie. Felista aliuliza kama kilichokatwa kitarudi. Ummy alisema ataandika malalamiko, lakini hawezi kuahidi.

Nje, Werema alinunua soda na kumpa mkewe. Alisimama akitazama viatu vyake.

"Mama Nice, nilikosea. Ile habari ya kwenda kwenu tuiache."

"Nimesikia," Felista alijibu. Chupa aliishika bila kuinywa. "Yule binti asingekuwepo pale mezani, leo mimi ningekuwa nani?"

Werema aligeuka, akashika njia ya kurudi wodini.

Walirudi Nyanungu na mgonjwa wao, na baada ya siku chache Werema akarudi machimboni. Alianza tena kurusha vocha, tena nyingi kuliko za zamani, na salio halikuguswa na mtu. Ila sasa ni yeye aliyepiga.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Ng'ombe?"

"Wazima."

Hayo yakiisha, waliagana. Wakati mwingine Felista alikuwa na kisa, hata cha kuchekesha, lakini kila alipotaka kukianza alihisi uzito wa mtu anayeambiwa apande tena mlima alioushuka sasa hivi. Alikiacha.

"Nikutumie vocha nyingine?" Werema aliuliza jioni moja.

"Usitume. Ipo."

"Ile ya wiki iliyopita?"

"Ipo yote," alisema Felista. Alimtakia usiku mwema, akaenda kumsaidia mama mkwe wake kula.

Zile huduma nne ziliondolewa kabla hata kiti alichoketi Felista hakijapata joto. Imani iliyomegwa jioni baada ya jioni haikuwa na ofisi ya kwenda kuidai. Naam, bandu bandu huisha gogo.