Nyumba ya Kati

"Nyumba ya kati haizimi." Mnaisema kila siku, wajukuu zangu, halafu mnaniuliza imetoka wapi! Basi methali hii ilianza hivi, na ilianza kwa ujinga wangu mimi bibi yenu.

Zamani hizo mtandao ulishika kileleni mwa mlima huu tu, kwa Mzee Shekiondo. Tukakubaliana yeye awashe hotspoti, simu yangu hapa katikati ya mteremko iipokee na kuirusha tena, ndipo imfikie Zahabu kule bondeni. Simu yangu ilishinda dirishani.

Sasa Zahabu, na mimba yake kubwa, akafanya maulidi. Sahani za pilau zikaenda kwa majirani wote, kwangu haikuja hata moja. Weee, nilinuna! Kesho yake asubuhi nikazima hotspoti, nikatia simu mfukoni, nikaenda zangu shambani. Acha naye akose, nikajisemea.

Sijamaliza hata tuta moja, nikamsikia Shemboza, mumewe Zahabu, akiita toka bondeni.

"Mama Kaniki! Umezima? Zahabu amejifungua, damu haikatiki! Daktari alikuwa anamwelekeza nesi hapa nyumbani kwenye video, amekatika!"

Jembe nikalitupa. Pale shambani mtandao wa Shekiondo haukufika, ilinibidi nirudi nyumbani, tena kwa kupanda. Nikateleza, nikaanguka, nikainuka. Dirishani nikakosea namba ya siri mara mbili. Ee Mungu, usimchukue, nitamwambia nini mumewe?

Ya tatu ikakubali. Nikawasha.

"Daktari amerudi?" nikapiga kelele.

"Bado!"

Nikaishikilia simu pale dirishani, machozi yananitoka. Niliona kama siku nzima imepita.

"Amerudi! Anamwonyesha nesi pa kukandamiza!"

Sikutoka dirishani hadi adhuhuri, Shemboza aliponiita kusema damu imekatika.

Jioni nikashuka. Zahabu alikuwa amelala, midomo imempauka, kichanga ubavuni.

"Mdogo wangu," nikaanza, "ni mimi niliye..."

"Najua. Sahani yako niliisahau, dada, nisamehe. Ungekuja ukanitukana mlangoni, ningekusikiliza." Akamvuta kichanga karibu. "Lakini nyumba ya kati haizimi."

Nikapanda kurudi kwangu, nikaikagua simu kama bado inawaka.

Tangu siku ile simu yangu haikuondoka dirishani. Kununa bado nanuna, tena sana, mnanijua. Lakini nyumba ya kati haizimi.