Simu ya Kuulizia Mbwa

Wapendwa, kaeni. Biblia ziacheni zimefungwa kwanza, tutazifungua baadaye. Nataka twende pamoja nyumbani kwa mama mmoja wa upande wa Rungwe. Tumwite Mama Ipyana.

Mama huyu watoto wake wote wamekwisha kuolewa na kuoa, kila mmoja yuko kwake. Mume wake ni fundi wa mitambo, kazi imempeleka Tunduma, hurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo pale nyumbani alibaki yeye na mbwa wake wawili, dume akiitwa Askari, jike akiitwa Popi. Msidhani ni mbwa wa kuogeshwa kwa sabuni ya manukato. Ni mbwa wa kwetu hawa hawa, Askari sikio moja limechanika kwa ugomvi. Lakini mama yule aliwapenda. Akikohoa ndani, Popi huinuka alipolala na kuja kusimama mlangoni. Ukiishi peke yako, kitu kama hicho si kidogo.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, lile jua linalochoma kabla mvua hazijaanza, Mama Ipyana alikuwa na harusi Mbeya mjini. Mtoto wa mdogo wake alikuwa anaolewa. Huwezi kukosa harusi ya mtoto wa mdogo wako, hata kama unaumwa. Tatizo likawa mbwa. Wiki ile Askari alikuwa amekimbiza mbuzi wa watu mpaka mmoja akavunjika mguu, na wenyewe walisema wazi, mbwa yule akionekana tena nje atakula sumu. Kwa hiyo asubuhi mama akawafungia kwenye baraza la nyuma, lile lenye nondo na paa la bati. Akawapa ugali na dagaa, akapiga deki, akafunga kufuli. Gari la shemeji yake likapiga honi barabarani. Akachukua mkoba wake, akarudishia geti la uani kwa komeo, huyo akaondoka.

Kanisani Mbeya mambo yalikwenda vizuri. Bibi harusi alipendeza. Walipofika kwenye kiapo, wakati kila mtu ametulia na akina mama wameshika leso, Mama Ipyana akashtuka kama mtu aliyechomwa sindano.

Karai la maji!

Alipopiga deki alilitoa karai nje ili lisimzuie. Aliliweka uani, karibu na bomba. Je, alilirudisha? Akafumba macho akajiona ameshika ufagio. Akajiona ameshika dekio. Akajiona anafunga kufuli. Karai hakujiona amelishika. Akarudia tena tangu mwanzo, ufagio, dekio, kufuli. Karai hakuna.

Na Popi alikuwa na mimba, tena mimba pevu. Tumbo lilikuwa limeshuka, siku yoyote angezaa. Na baraza lile, ikifika saa tano, jua linaliingia lote mpaka jioni. Bati juu, saruji chini, na mnyama hana pa kukimbilia.

Ninyi mmewahi kukaa mahali mwili uko hapa na roho iko kwingine? Watu wanapiga vigelegele, wewe unapiga hesabu ya saa. Wamefungiwa tangu saa kumi na mbili, sasa ni saa sita. Wamekula dagaa wa chumvi. Mama wa watu akavumilia mpaka ukumbini. Wakamletea pilau, akalitazama.

Mdogo wake akamjia. "Dada, mbona huli? Chakula kibaya?"

"Chakula kizuri, mdogo wangu. Nimewasahau mbwa bila maji."

Yule akacheka. "Dada, jamani! Mbwa hawafi kwa siku moja. Leo tunamwoza mtoto."

"Najua. Popi ana mimba."

"Haya, kula basi, Mungu atawaangalia."

Hakula. Alitoka nje akampigia mume wake. Mume akamjibu, "Mke wangu, mimi niko Tunduma, nitafanyaje? Mpigie jirani."

Jirani! Hapo Mama Ipyana akasimama na simu mkononi. Jirani yupi? Wa upande wa juu ndio wenye mbuzi. Wa ng'ambo ya barabara wamehamia juzi, hata majina yao hayajui. Akapekua majina kwenye simu, akaja kuliona moja: Mama Sekela. Nyumba ya bondeni, ukuta wa michongoma tu unawatenganisha. Waliimba kwaya moja miaka mingi. Mara ya mwisho kuzungumza ilikuwa mwezi wa sita, siku walipomzika mume wa Mama Sekela. Siku ile Mama Ipyana alimshika mkono akamwambia, "Tuko pamoja, mama." Halafu kulikuwa na mahindi ya kuvuna, halafu kulikuwa na vikao vya harusi, mnajua mambo yanavyokwenda.

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata yenyewe. Akapiga tena. Ikaita, ikakata. Akaanza kusikia hasira kidogo: huyu mama naye simu anaiweka wapi? Akapiga mara ya tatu, ikapokewa.

"Haloo." Sauti kwa mbali.

"Shikamoo, Mama Sekela. Ni mimi jirani yako."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba! Asante sana kwa..."

"Samahani mama, niko mbali, huku kuna kelele. Nimewafungia mbwa barazani bila maji, na jua hili! Karai liko pale bombani. Geti la uani ni komeo tu, unalisukuma. Nakuomba sana, mama, wasogezee maji karibu na nondo, Popi atakufa."

Upande wa pili kukawa kimya. Mama Ipyana akadhani simu imekatika. "Haloo? Mama Sekela?"

"Nitajaribu, mwanangu," sauti ikasema.

Simu ikakatika. Nitajaribu! Hakusema nitakwenda. Amesema nitajaribu. Anajaribu nini, na nyumba ni hatua arobaini? Mama Ipyana akapiga tena kuhakikisha, akaambiwa namba haipatikani. Baada ya dakika kumi akapiga tena, haipatikani. Hapo ndipo alipomwendea shemeji yake na kumwambia, "Nisamehe, nirudishe nyumbani." Keki ilikuwa bado haijakatwa. Mdogo wake alinuna, na alikuwa na haki ya kununa.

Njiani nako, kwenye ule mteremko wenye kona, lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara. Hakuna aliyeumia, lakini magari yamejipanga kama siafu. Wakakaa pale saa mbili na nusu. Shemeji alilaza kiti akasinzia. Mama Ipyana alishuka, akapanda, akashuka. Alipoona jua linavyomulika kwenye vioo vya magari, alimwona Popi amelala ubavu, ulimi umekauka. Alimsikia analia. Akaomba, kwa sauti, watu wakamgeukia: "Bwana, wale ni viumbe vyako, hawana wa kumwambia. Nimewafungia mimi. Usinihesabie."

Kuna mtu hapa anacheka kwamba mama aliombea mbwa. Usicheke. Mnyama uliyemfungia kwa kufuli, kiu yake ni juu yako, na dhamiri iliyomsumbua mama yule ni dhamiri nzuri. Mimi simlaumu hata kidogo. Ngojeni.

Alifika saa kumi na moja jioni. Gari halijasimama sawasawa, ameshafungua mlango. Kwa kawaida, gari likifika tu barabarani, mbwa wale wanabweka mpaka kijiji kinajua. Siku ile kimya. Akafika getini, kimya. Akaita, "Popi! Askari!" Kimya kile kile. Akapita uani mbio, viatu vya harusi vinamvuka, akazunguka kona ya nyumba.

Akaliona karai. Lilikuwa limesogezwa mpaka kwenye nondo, na ndani yake kuna maji nusu. Sakafu ya baraza imemwagiwa maji ipoe. Kwenye nondo, upande wa jua, mtu amefunga kanga mbili kuweka kivuli. Ndani ya kivuli kile Popi amelala, anapumua vizuri, mkia unagonga sakafu taratibu. Askari amekaa. Hawakubweka kwa sababu hawakuwa peke yao.

Nje ya nondo, chini, Mama Sekela alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Hana kanga mabegani. Mkono mmoja ameupenyeza katikati ya nondo, umelala juu ya shingo ya Popi. Na alikuwa anatetemeka.

"Mama Sekela! Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu ulivyopiga simu. Kuja nimekuja. Kurudi, miguu imekataa."

Mama Ipyana akamgusa paji la uso, akautoa mkono haraka. Moto. "Mama, unaumwa!"

"Leo siku ya tano."

"Siku ya tano! Nani anakuuguza?"

Mama Sekela akamtazama tu. Halafu akasema polepole, kama mtu anayesimulia jambo la kawaida, wala hakuwa na ukali, "Tangu juzi sikuweza kwenda bombani. Ndoo yangu iliisha jana asubuhi. Simu ilipolia mara ya kwanza sikuweza kuifikia, ilikuwa juu ya meza. Mara ya pili nikashuka kitandani. Nikatambaa. Mara ya tatu nikaiona, nikaona jina lako. Nikasema, asante Yesu, kuna mtu amenikumbuka." Akavuta pumzi. "Kumbe ni mbwa."

Mama Ipyana akapiga magoti kando yake, akalia.

"Usilie, mwanangu," Mama Sekela akamwambia. "Walikuwa na kiu kweli. Na mimi nimekunywa hapo hapo bombani kwako. Mbwa wako ndio walionipatia maji."

Wapendwa, wakambeba na lile gari la shemeji mpaka hospitali. Daktari aliyempokea alimwambia Mama Ipyana kwamba ilikuwa malaria kali, na kwamba mwili umekaukiwa maji, na usiku ule mmoja asingeumaliza. Akalazwa siku tisa. Alipona. Mama Ipyana alilala naye sakafuni siku zote tisa, na katika siku hizo akajua mambo ambayo hakuyajua katika miaka ya kuimba sauti moja: kwamba Sekela, binti yake, alikwisha kufariki zamani kabla hawajajuana; kwamba tangu mazishi ya mzee, hakuna mtu aliyepiga hodi katika nyumba ile isipokuwa mtu wa kusoma mita ya umeme.

Hatua arobaini! Na kila Jumapili Mama Ipyana alipita mbele ya nyumba ile kwenda kanisani.

Sasa niacheni nizungumze na sisi. Sisi si watu wabaya. Angalieni Mama Ipyana: ana huruma, analia, anaomba, anaacha harusi kwa ajili ya kiumbe chenye kiu. Huruma haikupungua. Ila ilikuwa inasikia mlio wa aina moja tu. Mbwa akiachwa peke yake analia, mtaa mzima unajua. Mjane akiachwa peke yake, ukimkuta njiani ukamuuliza hali, anakujibu, "Namshukuru Mungu, mzima." Sisi tunapita. Tumeambiwa mzima!

Halafu siku tukimpigia, tunampigia kwa sababu tuna shida. Tunataka atuangalizie nyumba, atuchangie, atupe namba ya mtu fulani. Yeye anaposema "asante sana kwa...", tunamkata. Hatujui alitaka kushukuru nini. Alitaka kushukuru kwa kukumbukwa, na sisi hatukuwa tumemkumbuka.

Msiniambie, "Mchungaji, kwetu huku hilo halipo." Nilikuwa nataka kuendelea na somo, lakini hebu tufanye jambo moja. Geukeni mtazame benchi la tatu, upande wa akina mama, mwisho kabisa pale dirishani. Pana nafasi ya mtu mmoja. Mmeizoea mpaka mnawekapo mikoba. Nani alikuwa anakaa pale?

Nyamazeni mkumbuke.

Leo ni Jumapili ya ngapi hayupo? Nani amekwenda kwake? Simuulizi mzee wa kanisa, wala simuulizi kiongozi wa jumuiya. Naanza na mimi niliyesimama hapa na kitambaa hiki shingoni: mimi sijakwenda. Nimekuwa nikiliona benchi lile wiki hizi zote, na nikaendelea kuhubiri.

Kwa hiyo leo sitahubiri. Sadaka mtaitoa tukirudi. Wazee, fungueni mlango. Anakaa nyuma ya kisima, si mbali. Twendeni.