Mzee Aliyemjibia Mke wa Mwenzake

Ndugu zangu, leo naomba mnisikilize kwa utulivu, maana habari hii inapita karibu sana na milango yetu. Palikuwa na mzee mmoja wa kanisa. Si wa kanisa hili, kwa hiyo acheni kugeuziana shingo. Ni wa upande wa pili wa milima, na nitampa jina la Mwadime, ili tusimwite "yule" tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwadime alikuwa fundi wa mabomba ya mradi wa maji, na tena mzee wa kijiji. Mtu wa watu. Ukizuka ugomvi wa mpaka, anaitwa yeye. Ikija posa, anaitwa yeye. Chifu akitaka kujua kama maneno ya fulani ni ya kweli, haulizi mengi, anauliza tu, "Mwadime amesemaje?" Je, sisi hatuna watu kama hao hapa? Tunao, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Sasa Mwadime alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, jina lake Mwakio. Walichunga mbuzi pamoja, wakasoma pamoja, na siku Mwakio alipofunga ndoa na Wakesho, msimamizi wake alikuwa Mwadime. Ndiyo maana Wakesho alimwita shemeji.

Ndoa ile ilikuja kuharibika. Mwakio alikuwa mwepesi wa kuinua mkono. Mnanielewa. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, Wakesho aliwabeba watoto wake watatu akavuka kijito kwenda kwa kaka yake, umbali ambao mtu akiita kwa sauti anasikika. Na sisi wazee tulisemaje? Samahani, wazee wale walisemaje? "Hayo ni mambo ya mume na mke. Watarudiana."

Basi, asubuhi moja ya Jumanne Mwadime yuko mtaroni, magoti kwenye tope, anakaza kiungo cha bomba, akasikia anaitwa. Ni Mwakio, amevaa shati la kutokea.

"Ndugu yangu, nina shida, na mtu wa kunitoa ni wewe tu. Alhamisi bodi ya ardhi inakaa. Nauza lile shamba la nyumbani, mnunuzi nimempata, tunahamia Taveta tukaanze upya. Nataka unisindikize."

"Shamba la nyumbani, na nyumba yake?" Mwadime akainuka. "Wakesho anasemaje?"

"Tumepatana. Ameshasaini, tazama." Akakunjua karatasi, na kweli, jina la Wakesho liko pale chini kwa wino wa buluu. "Ila ana homa kali, hawezi kupanda gari mpaka mjini. Na bodi ikiona mke hayupo watanipiga tarehe ya mwezi ujao, mnunuzi anikimbie. Wewe wanakujua. Sema neno moja tu."

Mwadime akaitazama karatasi, kisha akatazama ng'ambo ya kijito. Bati la nyumba ya kaka yake Wakesho lilikuwa linaonekana kati ya migomba. Angenawa mikono, angevuka, angeuliza, na angerudi kabla uji haujapoa. Wazo hilo lilimjia, msidhani halikumjia. Lakini ataonekanaje? Mtu mmekua pamoja, akuonyeshe saini, nawe uende nyuma yake kuhakikisha kama polisi? Akaona aibu. Ni aibu hiyo tu iliyomshinda, ndugu zangu. Hakuhongwa hata kikombe cha chai.

Alhamisi wakaenda. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Akapitia makaratasi, akauliza swali ambalo sheria inamtaka aulize: "Mke yuko wapi?"

Mwadime akasimama, kofia mkononi. "Mheshimiwa, mimi ni mzee wa kijiji na mzee wa kanisa. Mama huyo namfahamu tangu siku ya arusi yake. Ni mgonjwa, ila amekubali."

Yule mama akaandika jina la Mwadime kama shahidi. Kisha akagonga muhuri.

Alipofika nyumbani, mkewe Mghoi alikuwa kwenye kigoda anachambua mboga. Mwadime akamweleza safari yake kwa kujivuna kidogo, kama mtu aliyemfaa mwenzake. Mghoi akaacha kuchambua.

"Mgonjwa? Wakesho? Jana nilikuwa naye sokoni, anauza ndizi, tena anacheka."

"Labda homa imemshika leo."

"Na kupatana wamepatana vipi? Korti ilitoa amri tangu mwezi wa kumi na moja. Mwakio asimkaribie, asikanyage kwa kaka yake, na watoto wakae na mama yao mpaka kesi iamuliwe. Wewe ni mzee wa kijiji gani, hulijui hilo?"

"Nilisikia kuna karatasi ya korti," Mwadime akasema polepole. "Sikuuliza ni karatasi ya nini."

"Baba, umefanya nini?"

"Nimemsindikiza mtu mjini," akajibu, akatoka nje kana kwamba kuna bomba linalomngoja.

Kuanzia siku hiyo alimtafuta Mwakio. Alikwenda kwake mara mbili, akakuta mlango umefungwa. Jumapili akamwona Wakesho kwenye viti vya akina mama, mtoto mdogo amemlalia mapajani, na ibada ilipokwisha Wakesho akaja kumpa mkono kama kawaida. "Shikamoo shemeji." Mwadime akaitikia huku akitazama viatu vyake. Akajiambia, nitamweleza wiki ijayo. Huenda mauzo yamekwama. Huenda Mwakio atabadili nia. Nikisema sasa nitawasha moto ambao haujawaka. Jumapili ya pili akajiambia hayo hayo. Mwajua jinsi mtu anavyoweza kujihubiria mwenyewe, na asikose hata nukta moja.

Wiki ya tatu, Jumatano mchana, Wakesho akaja mwenyewe. Alikuja na kikapu cha maparachichi, akakaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai.

"Shemeji, nimekuja kukuuliza wewe kwa sababu unajua mambo ya sheria. Watoto wameona watu wanapima shamba letu, wanapigilia vigingi. Mwakio anaweza kuuza bila mimi?"

Mwadime akakisogeza kikapu pembeni. "Sheria inataka mke akubali."

"Mimi sijakubali. Hata kuulizwa sijaulizwa." Mikono yake ilikuwa inaisokota ncha ya leso. "Maana kesi ikiisha nilitegemea nirudi pale na watoto. Kwa kaka tunalala wanne kitanda kimoja, na mke wake ameanza kuhesabu vijiko. Akiuza pale, korti itaniuliza watoto nitawaweka wapi, nami nitasemaje? Si atapewa yeye? Shemeji, niende ofisi ya ardhi, au nakimbilia jambo ambalo halipo?"

Ndugu zangu, hapo ndipo mlango ulipofunguka wazi. Hakimu hayupo, chifu hayupo, wapo watu wawili na kikapu cha maparachichi. Neno lilikuwa limemfika Mwadime kwenye meno. Akaona jinsi uso wa yule mama utakavyobadilika. Akaona jinsi habari itakavyoshuka mlima mpaka kanisani. Akasema, "Kama hukusaini, usiwe na wasiwasi. Nenda ukapumzike."

Wakesho akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mungu akubariki, shemeji. Nimekosa raha siku nyingi." Akaacha yale maparachichi, akaenda zake.

Mghoi, ambaye alikuwa jikoni na aliyasikia yote, hakumsemesha mumewe siku ile wala siku iliyofuata.

Zikapita siku tisa. Siku ya kumi mnunuzi akaja na vijana wa kazi, akidai shamba ni lake na anataka kujenga upya. Wakang'oa mabati ya nyumba, wakatoa milango, wakakata migomba yote mpaka kijitoni. Wakesho alipopata habari akaja mbio, akawakuta wanapakia mbao. Akasimama katikati ya ua anapiga kelele, "Nani aliwaambia nimekubali? Nani?" Nao hawakujua, walikuwa wametumwa tu. Mnunuzi ndiye aliyemwonyesha nakala ya karatasi za bodi. Akasoma saini isiyokuwa yake. Akasoma na jina la shahidi.

Kaka yake akafuatana naye kortini siku hiyo hiyo kufungua mashtaka, na baada ya wiki mbili Mwadime akaletewa samansi ya kwenda kutoa ushahidi.

Sasa hofu ikamwingia kwelikweli. Je, atafungwa? Watoto wake watasema nini? Uzee wa kanisa utakuwaje? Mwakio, aliyekuwa hapatikani, akapatikana siku hiyo hiyo. Akamfuata mtaroni.

"Usibadilishe neno. Sema ulichosema kwenye bodi, basi. Ukigeuka tunazama wote wawili."

"Ile saini aliandika nani, Mwakio?"

Mwakio akatema mate pembeni. "Wewe sema ulichosema."

Siku ya kesi Mwadime alivaa koti lake la ibada. Njia nzima alikuwa akiomba, mpaka alipopanda kizimbani. Hakimu akamuuliza, "Ulimwona mama huyu akitia saini?"

Mwakio anamtazama. Mghoi, aliyekaa nyuma, anamtazama.

"Sikumwona," akasema Mwadime.

"Ulimsikia kwa masikio yako akikubali?"

"Sikumsikia, Mheshimiwa. Sikumwuliza. Nilimwamini mwenzangu nikasema kwa kinywa changu jambo nisilolijua. Nimekosa."

Korti nzima ikanong'ona. Mwakio akainamisha kichwa. Naye Mwadime akahisi kifua kimefunguka, machozi yakamlenga. Alisema kweli hadharani, ikamgharimu rafiki wa maisha yake yote na jina lake. Pengine moyoni alitazamia kwamba Wakesho naye atamwangalia kwa macho ya msamaha. Hata mimi ningetazamia.

Wakesho hakuwa na wakili. Hakimu akamgeukia. "Mama, una swali kwa shahidi?"

Wakesho akasimama. Hakuinua sauti. "Ninalo moja. Siku ile nilipokuja kwako kukuuliza kama anaweza kuuza bila mimi, ukaniambia nikapumzike. Siku ile ulikuwa unajua?"

Mwadime akashika ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Basi sina swali lingine." Akaketi.

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Akabatilisha mauzo yale, kwa kuwa mke hakukubali. Akaamuru mama na watoto warudi kwenye shamba, na ile saini ya uongo ikachunguzwe na polisi. Lakini kabla hajainuka alimwambia Mwadime neno moja: "Mzee, mama huyu angekwenda ofisi ya ardhi siku aliyokuja kwako, angeandikisha pingamizi, na mnunuzi asingegusa hata bati moja."

Basi Wakesho akarudi kwake. Alirudi kwenye kuta zisizo na paa, na masika yalikuwa yameanza. Watoto wakalala chini ya turubai hadi mwezi wa sita. Mwadime alibeba mabati mapya akayapeleka mwenyewe, na Wakesho akayapokea, maana mvua haingoji mtu apoe moyo. Ila hakumwita tena shemeji.

Ndugu zangu, mlidhani nitawahubiria habari ya ushahidi wa uongo. Sivyo. Ule uongo wa kwenye bodi Mwadime aliusema bila kujua, na kosa lake lilikuwa kuona aibu kuvuka kijito. Nimekuja kuwauliza habari ya siku ya maparachichi.

Sisi ni hodari wa kutubu tukishaitwa. Samansi ikija tunasema kweli, tena kwa machozi, na watu wanatusifu. Lakini ni nani kati yetu anayesema kweli Jumatano mchana, sebuleni, kabla hajashurutishwa na mtu? Maana siku ile ndiyo kweli ilikuwa dawa. Kortini ilikuwa imebaki kuwa habari tu.

Na wanaokuja kutuuliza ni wengi. Dada anauliza, akinipiga tena nikimbilie wapi? Mjane anauliza, ndugu wa marehemu wanaweza kunitoa? Binti anauliza, nikiondoka nitanyang'anywa watoto? Wanatuuliza sisi kwa sababu wanatuamini, na sisi, kwa kuogopa nyuso za jamaa zetu, tunawaambia, nendeni mkapumzike. Mimi mchungaji wenu nimewahi kumwambia mama mmoja hivyo. Nalisema leo mbele zenu, na nyumba ya mama huyo naijua, nami nakwenda huko nikitoka hapa.

Na wewe je? Kuna jambo unalijua ambalo mtu mwingine anapaswa kulijua, na kila siku unayonyamaza bati lake moja linang'olewa. Humhitaji hakimu akuulize. Leo hatutakaa nje kusalimiana kama kawaida yetu. Ukitoka mlango ule, nenda moja kwa moja hadi kwake, ubishe hodi, umwambie. Chakula cha mchana kitakungoja.