Sisimizi wa Mkeka wa Kalunde

Usimmwagie sisimizi majivu hujajua afuatacho.

Mmeisikia asubuhi hii kwa yule mama aliyemkuta jirani yake anamchapa mtoto kwa kukojoa kitandani, nanyi mmekuja mbio kuniuliza imetoka wapi, tena mnacheka. Chekeni, meno ni yenu. Methali hii ilianza hivi, na mkishaisikia sidhani mtacheka tena.

Upande wa Sikonge, kwenye nchi ya asali, alikuwapo bibi mmoja aitwaye Nyamizi. Mumewe alikuwa mrina asali, wiki nzima yuko porini kwenye mizinga, na asali ikifika nyumbani ni kazi ya Nyamizi kuitunza. Aliipanga kwenye ndoo juu ya kichanja, na kila mguu wa kichanja aliusimamisha ndani ya kopo la maji ili sisimizi wasipande. Miaka thelathini hakuna sisimizi aliyeonja asali ya Nyamizi! Alijivunia hilo kila aendapo kisimani.

Alikuwa akimlea mjukuu wake, Kalunde, mtoto wa miaka tisa aliyefiwa na mama. Walipendana mno wale. Bibi alimwita "mke mwenzangu" na kumtania kwamba anataka kumnyang'anya mume.

Basi kiangazi kimoja Kalunde akaanza kukojoa mkekani. Nyamizi kwanza alisema ni ndoto za kitoto. Lakini asubuhi moja akautoa mkeka nje kuuanika, na kabla hajageuka, sisimizi walishapanga mstari mpaka pale palipolowa. Kwa mwanamke yule, sisimizi walikuwa na maana moja tu.

"Kalunde! Unalala na asali yangu?"

"Sijala, Bibi."

"Sisimizi hawasemi uongo. Mwongo ni wewe."

Na kweli hawakusema uongo, hapo ndipo panaponiuma mimi. Nyamizi akachota majivu jikoni, akawamwagia, akaona kesi imekwisha. Kesho yake wakarudi, akawamwagia tena.

Mtoto naye alikuwa akinywa maji kama aliyemeza kaa la moto. Anamaliza jagi, anarudi mtungini. Bibi akaona dawa ya kukojoa ni rahisi: asinywe. Akauingiza mtungi chumbani kwake, akafunga mlango, akawa anampa kikombe kimoja asubuhi na kimoja mchana. Kalunde alikonda mpaka gauni la shule likamning'inia, akalia kiu mpaka sauti ikamkauka. Majirani wakamsifu Nyamizi kwamba anajua kulea. Domo halina kazi nyingine!

Siku ya tano asubuhi Nyamizi akaingia stoo. Makopo yote manne makavu, na sisimizi wameshafika kwenye vifuniko vya ndoo. Loo! Chini ya kichanja amelala Kalunde, anahema kwa nguvu kama aliyekimbizwa. Bibi akainama amvute sikio, na pumzi ya mtoto ikampiga puani, tamu na kali kama wanzuki, ile pombe ya asali.

"Sasa umefika mpaka kwenye pombe?"

"Nimekunywa maji, Bibi."

"Maji gani?"

"Ya kwenye makopo."

Maji yale yalikuwa ya wiki nzima, meusi, yamejaa sisimizi waliokufa. Nyamizi akamtazama mtoto vizuri. Kwenye mdomo wa chini, palipopasuka, sisimizi mmoja mfu alikuwa amegandia. Hasira yote ikamtoka, akabaki na hofu tupu. Alimwita, "Mke mwenzangu! Mke mwenzangu!" Mtoto hakuitika.

Wakambeba kwa baiskeli ya jirani mpaka zahanati. Tabibu akaanza kuuliza huku anamvua gauni.

"Alikuwa akinywa maji mengi?"

"Mengi mno, mwanangu. Nikamkataza."

Tabibu akainua uso. "Na kukojoa?"

"Kila mara. Mpaka sisimizi wakaja mkekani. Nikawamwagia majivu."

Tabibu akamtoboa mtoto kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akakisoma. "Bibi, sisimizi walifuata sukari iliyo kwenye mkojo wake. Huyu ana kisukari."

"Kisukari? Si ugonjwa wa watu wazima wenye vitambi?"

"Watoto pia wanaupata, na wala hautokani na kula asali. Mwili wake umeacha kutengeneza insulini. Ile kiu ilikuwa ugonjwa, na yale maji aliyahitaji."

Nyamizi akaketi sakafuni. "Basi nilikuwa namuua mimi."

Tabibu alishauinamia mkono wa mtoto. Alikuwa akitafuta mshipa wa kuweka dripu, na mishipa ya mtoto ilikuwa imenywea.

Wakapelekwa hospitali ya wilaya, na huko Kalunde alilala siku tatu hajitambui. Ya nne akafumbua macho. Msishangilie mapema, sijamaliza.

Walirudi nyumbani na sindano, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Nyamizi alijifunza kumchoma mjukuu wake. Alijifunza kuhifadhi insulini kwenye chungu kilichozikwa ndani ya mchanga uliolowa, kumpima damu, na kumlisha kwa saa. Mtoto akitetemeka na kutoka jasho la ghafla, alijua sukari imeshuka, akamkimbizia kijiko cha asali. Na kila aliposikia mtu anamgombeza mtoto kwa kiu au kwa kukojoa, alikwenda, hata kama hakuitwa, akasema maneno haya haya ya sisimizi na majivu. Watu wakayashika. Ndivyo ilivyokuwa methali.

Lakini kwake Nyamizi lililomuuma lilikuwa jingine. Mtungi aliutoa chumbani siku ile ile waliyorudi, akauweka uani, wazi, na kikombe juu yake. Kalunde alikuwa akienda mpaka pale, anachukua kikombe, anasimama nacho mkononi kikiwa kitupu.

"Bibi, naomba ninywe."

"Kunywa, mama. Si nimekwambia usiombe? Maji ni yako."

"Ndiyo, Bibi."

Kesho yake anasimama pale pale, anaomba tena. Aliomba mwaka ule, akaomba na uliofuata, akaomba akiwa msichana mkubwa mwenye kujichoma sindano mwenyewe. Nyamizi amekufa akiombwa maji na mjukuu wake.

Usimmwagie sisimizi majivu hujajua afuatacho.