Mshumaa wa Subilaga

Sogeeni karibu, na majibu yenu yafungieni mdomoni mpaka nitakapoyaomba. Nawajua mlivyo: hadithi haijafika katikati, tayari mmoja wenu ameshaamua kesi.

Palikuwa na chuo cha uuguzi kwenye baridi za Rungwe, huko ambako mvua hainyamazi na sare za kesho hukaushwa kwa pasi. Chuoni hapo walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Anyambilile alikuwa na kichwa: akisoma ukurasa mara moja, anakutajia mpaka palipowekwa nukta. Ambokile alikuwa na mikono: akishamaliza kukuchoma sindano, unamuuliza ataanza saa ngapi. Na Mama Sekela, mfagizi wa chumba cha mazoezi, alikuwa na jicho la kuona mtu pale ambapo wengine waliona kitu tu.

Wa nne alikuwa Subilaga, aliyesoma darasa moja na Anyambilile na Ambokile. Yeye alikuwa na woga.

Msicheke. Mtihani wa vitendo ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Mara ya kwanza kengele ilipolia, mikono ilitetemeka mpaka sindano ikadondoka sakafuni. Mara ya pili hesabu ya dozi ilimtoroka, akaganda hapo mpaka muda ukaisha. Na mara zote mbili hakumuuliza mgonjwa jina, kwa sababu mgonjwa wa mtihani ni mdoli wa mpira, naye aliona haya kusemeshana na mpira mbele za watu. Sasa ilibaki sapu ya mwisho, mtihani wa kurudia. Akianguka hapo anadisko, anafukuzwa chuo, na miaka yake mitatu inaishia getini, begi mkononi.

Zilikuwa zimebaki wiki tano. Alisoma kama anayekimbizwa. Alipaka wino wa njano madaftari mazima, mstari kwa mstari, lakini kila alipofunga daftari hakukumbuka kitu.

Anyambilile alimwona, akalichukua lile daftari na kulikalia.

"Haya, niambie nimekalia nini."

"Dada, nirudishie, muda unakwenda!"

"Utarudishiwa ukishaniambia."

Kuanzia hapo hakumpa nafasi ya kupumua. Alimuuliza kwenye foleni ya uji, alimuuliza wakifua. Swali alilokosa Jumatatu lilirudi Jumanne, likarudi Ijumaa, likarudi wiki iliyofuata akiwa ameshalisahau. Ilifika mahali Subilaga akimwona kwa mbali anajificha nyuma ya kanga zilizoanikwa. Lakini hesabu za dozi zilianza kukaa. Anyambilile mwenyewe, kwa kumsomesha mwenzake, aliacha somo lake moja lilale, na baadaye lilimpa sapu.

Ambokile hakuuliza swali hata moja. Alikata mgomba nyuma ya jiko, akaulaza mezani, akamkabidhi bomba la sindano lenye maji.

"Choma."

"Mara ngapi, kaka?"

"Mpaka mikono yako ijue hata wewe ukizirai."

Subilaga alichoma hadi vidole vikafa ganzi. Alipoanza kuzoea, Ambokile aligonga kijiko kwenye sahani ghafla, kama kengele ya mtihani, na msichana wa watu akaruka. Wakarudia. Siku ya kumi na tisa sahani ililia na mkono haukutikisika. Ule mgomba, kumbe, ulikuwa wa mkuu wa chuo, na Ambokile alipewa barua ya onyo.

Jumamosi moja Mama Sekela alimkuta Subilaga akilia peke yake kando ya mdoli. Hakumwambia nyamaza. Alimgeukia mdoli akamsalimu, "Ugonile, mama," kisha akampangusa uso. Subilaga akacheka. Mama Sekela hakucheka.

"Mwanangu, mimi nililazwa nikiwa na mimba ya pili. Nesi alikuja na sindano, hakuniuliza jina. Nilimwogopa, nikatoa mkono. Kumbe dawa ilikuwa ya mama wa kitanda cha jirani." Alikamua kitambaa chake. "Mimba ikatoka. Hata Sekela sijawahi kumwambia."

Subilaga aliacha kucheka. Kumbe miaka yote alikuwa akiogopa kufeli tu. Sasa aliogopa mkono wake mwenyewe. Kila Jumamosi Mama Sekela alimfungulia chumba kile bila ruhusa, huku akijua kwamba akikamatwa kazi hana, na Subilaga alimsalimu mdoli, akamuuliza jina, akashika kifundo cha mkono na kusoma kitambulisho chake.

Siku ikafika. Kwenye benchi la kusubiri, kila kengele ilipolia mwenzake mmoja aliingia, na benchi likazidi kuwa refu na tupu. Subilaga alipoitwa, aliinuka akaingia.

Ndani alikuwapo mtahini, Sista Nyagawa, na saa yake. Kwenye karatasi yake kulikuwa na hatua tatu zenye alama ya nyota, na ukikosa moja tu umeanguka.

Faili lilisema mgonjwa ni Tabu Mwakatobe. Subilaga alitaka kukimbilia dawa amalize mateso, lakini mdomo ukatangulia: "Ugonile, mama. Jina lako kamili ni nani?" Mdoli alinyamaza. Akashika kifundo cha mkono, akasoma: Neema Mwakatobe. Akauachia.

"Sista, huyu siye. Simchomi."

Kumbe ulikuwa mtego: Sista Nyagawa alitoa mfukoni kitambulisho cha Tabu, akakibadilisha. "Endelea."

Dozi miligramu mia mbili, na kichupa kina mia tano ndani ya mililita mbili. Kichwa kikawa cheupe kabisa. Kisha akasikia, kama yuko kwenye foleni ya uji, sauti ya Anyambilile: nimekalia nini? "Nukta nane," alisema. Akavuta.

Hapo kengele ya chumba cha pili ikalia kwa nguvu, sindano ikiwa hewani. Subilaga alifumba macho kwa hofu. Alipoyafumbua, mkono ulikuwa umeshachoma pajani, mahali penyewe, sindano imesimama wima.

Nyota tatu. Alipita.

Sasa mtanziko ndio huu. Chuoni hapo, siku ya kuvishwa kofia, kila mhitimu hushika mshumaa ambao haujawashwa na kutaja jina la mtu mmoja aliyemfikisha, huyo akapanda kuuwasha. Mmoja tu. Asiyetaja jina havishwi, na msiniambie angeuwasha mwenyewe, hairuhusiwi.

Subilaga alisimama jukwaani. Anyambilile alikuwa ameketi na wageni, maana sapu ilimnyima kofia mwaka ule. Ambokile alikuwa ameshavishwa, barua ya onyo ikiwa bado kwenye faili lake. Mama Sekela alisimama mlangoni, Sekela wake pembeni. Ukumbi ule hakuwahi kuingia bila ndoo.

"Taja jina," alisema mkuu wa chuo.

Subilaga aliinua mshumaa. Watatu wote walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyemwonyesha kwa jicho amtaje nani.

Haya, midomo sasa ifungueni. Ungekuwa wewe pale juu, mshumaa mkononi, ungeamua vipi? Ungelitaja jina la nani?